Spitsbergen kwa hema, Spitsbergen kwa mashua, au kuvuka Greenland: msafara upi wa skii unakufaa?

Matangazo ya misafara ya skii katika Aktiki yanafanana mno. Kuna mtu mmoja mwenye koti jekundu, mlima mweupe nyuma yake na anga lisilo na wingu, na chini ya picha kuna maneno ya kuusifu ukimya wa nchi ya mbali. Picha hiyo haikuambii kama mtu yule usiku atalala kitandani au hemani, au kama atakaa nje akiwa zamu ya kulinda dubu. Wala haikuambii kama mzigo wake ni kilo kumi mgongoni au kilo sabini kwenye sleji inayomfuata kwa kamba. Kwa msomaji anayetaka kutumia akiba ya miaka kadhaa kwa safari ya namna hii, tofauti hizo ndizo safari yenyewe, na ni heri azione kabla ya kutuma malipo ya awali, ambayo mara nyingi hayarudishwi.

Nimechagua misafara mitatu inayoongozwa, yote ikiuzwa kwa jina moja la msafara wa skii. Wa kwanza ni msafara wa hema katika Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Svalbard lililo chini ya Norwei. Kundi huvuta sleji zake hadi ndani ya kisiwa, hupiga kambi, kisha hupanda vilele kwa skii, kikiwamo Newtontoppen chenye mita 1,713, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote visiwani humo. Wa pili unafanyika katika kisiwa hicho hicho, ila wasafiri hulala ndani ya mashua ya matanga iliyotia nanga kwenye fyordi, yaani ghuba nyembamba iliyoingia kati ya milima, na hushuka pwani kila siku kupanda milima. Wa tatu ni kulivuka ganda la barafu la Greenland, kutoka Kangerlussuaq upande wa magharibi hadi pwani ya mashariki karibu na kijiji cha Isortoq, mwendo wa kilomita zipatazo 550 unaochukua kwa kawaida siku 25 hadi 30. Misafara ya Spitsbergen huwa ya wiki moja hadi siku kumi. Msimu wa yote mitatu unakaribiana: hema na Greenland huanza Aprili, mashua huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi mapema Juni.

Kushuka na kuvuta ni elimu mbili

Skii za kupandia milima hutofautiana na zile za kwenye viwanja vyenye mashine za kuvuta watu juu. Wakati wa kupanda, kisigino huachwa huru, na chini ya skii hubandikwa ukanda unaoitwa ngozi, ambao zamani ulikuwa ngozi ya sili na siku hizi hufumwa kwa nailoni au sufi ya mbuzi. Manyoya yake yamelalia upande mmoja, hivyo skii husonga mbele lakini hairudi nyuma. Kileleni ngozi hubanduliwa, kisigino hufungwa, na hapo ndipo kupanda mchongoma kunapokwisha na ngoma kuanza. Mara ya kwanza nilipobandua ngozi zangu katika upepo, huko Lyngen karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, niliziweka chini kwa muda mfupi tu nikitafuta glovu. Gundi yake ikapata theluji, na kwenye mlima wa pili hazikushika tena. Mwongozaji alizifunga kwa utepe bila kusema neno, kisha akafungua zipu ya koti lake na kunionyesha zake zilikokuwa: kifuani, kwenye joto la mwili.

Nalitaja jambo hilo dogo kwa sababu wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki hupima uwezo wetu kwa pumzi. Aliyefika kilele cha Uhuru bila kuumwa kichwa huona kwamba mlima wa mita elfu moja juu ya bahari hauwezi kumsumbua, na kwa upande wa kupanda yuko sahihi. Lakini pumzi haifundishi kukata kona kwenye theluji ngumu. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya wa mbio za kati, alianza kujifunza skii Finland mwaka 1996 akiwa tayari mwanariadha kamili, na katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa 92 na wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye baada ya kushinda alimngoja mstarini ili amkumbatie. Mapafu ya Boit hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichompungukia ni miaka ya utotoni juu ya skii.

Kwa kipimo hicho misafara hii mitatu inapangika kinyume na watu wanavyodhani. Ule wa mashua, ambao ndio wenye starehe, ndio unaodai ustadi mkubwa zaidi wa kushuka, kwa kuwa kila siku ni kupanda mita mia sita hadi elfu moja na kuzishuka zote, wakati mwingine kwenye mteremko mkali unaoishia baharini, juu ya theluji iliyolainika kwa jua mchana na kuganda tena kivulini. Msafara wa hema unachanganya: kuna siku za kuvuta sleji kwenye mito mipana ya barafu isiyo na mwinuko mkali, na kuna siku za vilele. Greenland, inayotisha kwa umbali wake, karibu haina mteremko wa kuogopwa. Hata skii zake ni nyembamba, kisigino kiko huru muda wote, na mtu mwenye afya njema aliyejizoeza skii kwa msimu mmoja au miwili anaweza kuivuka, mradi mwili na akili yake viwe tayari kurudia kazi ile ile kwa takriban mwezi mzima.

Shemeji yangu aliambiwa na wakala mmoja kwamba msafara wa hema wa Spitsbergen unawafaa wanaoanza. "Shemeji, walisema anayejua kutembea anajua skii," alinisimulia baadaye, huku bado akichechemea. Alikuwa amewahi kupanda skii mwishoni mwa wiki mara tatu tu. Siku ya tatu kambini kundi zima liligeuzwa chini ya kilele kwa sababu yake, na hakuna aliyemlaumu kwa maneno, jambo ambalo anasema lilikuwa baya kuliko kulaumiwa. Wakala yule hakudanganya kuhusu mandhari wala chakula. Alikaa kimya tu kuhusu kushuka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandaaji yeyote liwe hili: mteremko mkali kuliko yote katika safari hii ni wa nyuzi ngapi, na siku ngapi tutaukuta?

Hema au mashua

Anayekubali kwamba Spitsbergen ndiyo nchi anayoitaka bado ana uamuzi mkubwa mbele yake. Nje ya makazi ya watu, kanuni za Svalbard zinamtaka kila msafiri awe na njia ya kumtisha na kumfukuza dubu, na gavana wa visiwa hivyo, Sysselmester, anashauri kubeba bunduki. Waongozaji hubeba bunduki pamoja na bastola ya fataki. Kwa wa hema, dubu hupanga maisha yote ya kambi. Jioni, kabla ya kupika, vigingi husimikwa kuzunguka mahema na waya hufungwa kati yake kwenye kimo cha goti au paja. Mnyama akiusukuma, fataki inalipuka. Juu ya hayo kuna zamu. Kundi la watu sita likitaka usiku wa kulala wenye muda wa saa nane, kila mmoja atakaa nje saa moja na dakika ishirini, peke yake, akizunguka mahema polepole ili miguu isigande na kutazama kila jiwe jeupe mara mbili. Kuna watu wanaosema kwamba zamu hiyo ndiyo kumbukumbu yao bora ya safari nzima, na kuna wengine ambao kufikia usiku wa tano wangelipa chochote wasiamshwe. Jijue uko kundi gani.

Waya peke yake hautoshi, na hili si la kubahatisha. Agosti 2011 dubu aliingia kambi ya vijana wa Kiingereza karibu na mto wa barafu wa Von Post, si mbali sana na Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, akamuua kijana wa miaka 17 na kujeruhi wengine. Fataki za waya hazikulipuka. Kwa hiyo mwandaaji anayekuambia kwamba waya wake ni wa kisasa na hivyo zamu hazihitajiki, muulize tena, na asipobadili jibu, tafuta mwingine.

Kwenye mashua zamu hiyo ni ya nahodha na mabaharia wake, na abiria hulala. Asubuhi chai inanywewa mezani, viatu vimekaukia karibu na injini, kisha boti la mpira huwapeleka watu ufukweni wawili watatu wakiwa wameshika skii mapajani. Mwongozaji hushuka kwanza na bunduki, hupanda kilima kidogo, hutazama kwa darubini pande zote, ndipo wengine hukanyaga changarawe. Ngozi zinabandikwa hatua chache tu kutoka kwenye maji. Saa tatu baadaye mtu yuko juu, na anapotazama chini anaiona mashua kama punje ya mchele kwenye fyordi. Sijui starehe nyingine ya milimani inayofanana na kuteleza ukielekea baharini ukijua kwamba supu iko jikoni.

Udhaifu wa mashua upo, nao hauandikwi kwa herufi kubwa. Wa kwanza ni bahari: kutoka Isfjorden, fyordi ya Longyearbyen, kwenda kaskazini kuna sehemu zilizo wazi ambako wimbi la Atlantiki huwalaza wengi. Wa pili ni kwamba unafika pale tu chombo kinapofika. Barafu ya bahari ikiziba mlango wa fyordi, mpango wa siku mbili unabadilika kwa dakika moja, na milima ya ndani kabisa, ukiwamo Newtontoppen, haiko kwenye menyu. Wa tatu ni msongamano: watu kumi na kitu, choo kimoja au viwili, soksi kila mahali. Kwa upande mwingine mashua inakupa historia ambayo hema haikupi. Zikiruhusu siku, baadhi hutia nanga Ny-Ålesund, kwenye nyuzi 78 dakika 55 Kaskazini, ambako bado umesimama mnara wa chuma uliofungiwa puto la injini liitwalo Norge kabla Roald Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile hawajaondoka nalo tarehe 11 Mei 1926 kupitia Ncha ya Kaskazini hadi Alaska.

Wanaochagua mashua kwa tamaa ya kupiga picha ya dubu wapunguze matarajio. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria inamzuia mtu kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni, yaani msimu wote wa skii, umbali huo ni mita 500. Dubu wa mita 500 kwenye simu ya mkononi ni doa la njano. Kwa maoni yangu sheria hiyo ni nzuri, na darubini ya kawaida inatosha kumfaidi.

Jambo moja linazikuta safari zote mbili na linastahili kutayarishwa akilini. Longyearbyen jua halizami kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi karibu na 22 Agosti. Mswahili anayehesabu saa tangu jua lichomozapo hapati pa kuanzia. Saa sita usiku na saa sita mchana zinatofautiana kwa upande wa vivuli tu. Kwenye mashua pazia linafungwa. Hemani nuru inapenya kitambaa usiku kucha, na kitambaa cha kufunika macho huwa na thamani kuliko glovu za akiba.

Nikilazimishwa kuamua kati ya hizi mbili, ningesema hivi: anayejua kushuka vizuri na ana wiki moja tu achukue mashua, kwa sababu atapata siku nyingi zaidi za mlima kwa kila siku ya likizo. Anayetaka kujua kama ataweza kuishi kwenye baridi achukue hema, kwa kuwa Aprili katikati ya kisiwa halijoto ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ya kawaida, na ujuzi wa kukausha soksi, kuyeyusha theluji na kuwasha stovu ya pampu kwa vidole vilivyokufa ganzi haupatikani mahali penye kitanda.

Greenland ni jambo jingine

Mtu wa kwanza kuongoza msafara uliolivuka ganda la barafu la Greenland alikuwa Fridtjof Nansen wa Norwei, mwaka 1888, akiwa na wenzake watano, wawili wao Wasami. Alianzia pwani ya mashariki yenye watu wachache sana kwenda magharibi kwenye makazi, kwa makusudi, ili kusiwe na mahali pa kurudi. Walifika Godthåb, leo Nuuk, mapema Oktoba, wakakuta meli ya mwisho haiwezi kuwangoja, ikawabidi wakae majira yote ya baridi. Leo unalipa fedha nyingi ili uwezekano wa kurudi uwepo: kibali cha serikali ya Greenland, bima ya utafutaji na uokoaji ambayo bila hiyo kibali hakitoki, simu ya setilaiti, na kifaa cha kutuma ishara ya dharura.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Siku za kwanza ni za kupita kwenye barafu iliyopasukapasuka juu ya Kangerlussuaq, huku sleji ikiwa nzito kuliko itakavyokuwa tena, kilo 60 hadi 80, kwa sababu chakula cha mwezi mzima kimo ndani. Baada ya hapo ardhi inainuka taratibu hadi mita 2,500 hivi, kisha inashuka taratibu vilevile. Kundi hutembea dakika 50 na kupumzika dakika 10, mara nane au tisa kwa siku. Katika dakika kumi hizo mtu huvaa koti kubwa kabla ya kitu kingine chochote, huketi juu ya sleji akiupa upepo mgongo, hula njugu na chokoleti na kipande cha soseji, hunywa, huvua koti akiwa bado hajashiba joto lake, na kuondoka. Jioni muda wa saa mbili au tatu huisha kwa kuyeyusha theluji ili ipatikane maji ya usiku na ya kesho. Asubuhi ndani ya hema kuna sufi ya barafu iliyotokana na pumzi za waliolala, na anayeinuka kwa pupa humwagia mwenzake uso mzima.

Kati ya vitu vichache vya kuona njiani kuna DYE-2, kituo cha rada cha Wamarekani kilichojengwa wakati wa Vita Baridi na kuachwa mwaka 1988, kikiwa bado na kuba lake kubwa jeupe, kikizama pole pole kwenye theluji. Kuba hilo huonekana kutoka mbali sana, na kundi huliendea siku nzima bila kuliona likikua. Ukilipita, mashariki hakuna kitu hadi milima ya pwani. Hapo ndipo watu hutambua kwamba walichokuwa wakikiita mandhari ni mstari mmoja tu, mweupe chini na buluu juu, na siku za ukungu hata mstari huo hufutika, ukawa unafuata visigino vya aliye mbele yako na dira.

Hatari kubwa upande wa mashariki ni upepo ambao Wagreenland huuita piteraq, jina lenye maana ya kile kinachokushambulia. Hewa iliyopozwa juu ya ganda huwa nzito, na mfumo wa hali ya hewa ukiruhusu, humiminika kuelekea pwani kwa nguvu ya kimbunga. Tarehe 6 Februari 1970 upepo huo uliubomoa sana mji wa Tasiilaq. Aprili 2013 Mwingereza mmoja alikufa katika dhoruba siku za mwanzo za jaribio la kuvuka akitokea mashariki, kwa kuwa helikopta haikuweza kufika hadi hali ilipotulia. Kinga inayofahamika ni utabiri unaopokewa kwa setilaiti kila jioni, na ukuta wa matofali ya theluji unaojengwa kuzunguka mahema kabla upepo haujafika, hata kama kila mtu amechoka na anga bado ni shwari. Mwongozaji anayewaamuru wateja wachovu kukata matofali kwa saa mbili huku jua likiwaka anastahili mshahara wake wote siku hiyo.

Nani atakuja, na baada ya muda gani

Ukivunjika mguu Spitsbergen, Longyearbyen kuna helikopta za uokoaji za gavana na hospitali ndogo, na wagonjwa mahututi husafirishwa hadi Tromsø. Hali ya hewa ikiwa nzuri msaada unaweza kuhesabiwa kwa saa. Greenland ukiwa katikati ya ganda, hesabu hiyo inaweza kuwa ya siku, na katika siku hizo daktari wako ni mwongozaji na sanduku lake. Bima ya kawaida ya safari, hata ile yenye jina zuri, mara nyingi huondoa misafara, skii nje ya viwanja rasmi, au gharama za kutafutwa. Ukurasa wa vighairi usomwe kabla ya ukurasa wa fidia.

Maporomoko ya theluji ni suala la Spitsbergen zaidi kuliko la Greenland. Hata mji wenyewe haukusalimika: tarehe 19 Desemba 2015 theluji ya mlima Sukkertoppen iliporomokea nyumba za Longyearbyen na kuua watu wawili. Kila msafiri wa mashua au hema anapaswa kubeba kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi, na kufanyishwa mazoezi ya kuvitumia siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo sifa za mwongozaji si moja kwa safari zote. Kwa mashua na milima mikali, tafuta mwenye beji ya shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milimani, IFMGA. Kwa Greenland beji hiyo haitoshi. Muulize amelivuka ganda mara ngapi, na mara ngapi amelazimika kugeuza kundi. Anayejibu kwamba hajawahi kugeuza ama ana bahati kubwa ama bado hajaenda vya kutosha.

Viza, njia na fedha

Hapa wenye pasipoti za Afrika Mashariki wana mtego wao. Svalbard yenyewe haidai viza na haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, lakini hakuna njia ya kawaida ya kufika isipokuwa kupitia Norwei, kwa ndege kutoka Oslo au Tromsø. Ukienda Longyearbyen umetoka Schengen, na ukirudi unaingia upya. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakuacha uwanja wa ndege. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Greenland nayo iko chini ya ufalme wa Denmark bila kuwa ndani ya Schengen, na viza ya Denmark lazima iandikwe wazi kwamba inafaa Greenland. Maombi ya Schengen hupokewa hadi miezi sita kabla ya safari. Anza mapema, ukiwa na barua ya mwandaaji inayotaja tarehe na njia yote.

Kuhusu njia, maandishi mengi ya zamani bado yanasema kwamba Kangerlussuaq hufikiwa moja kwa moja kutoka Copenhagen. Tangu uwanja mpya wa Nuuk ufunguliwe tarehe 28 Novemba 2024, kwa kawaida unatua Nuuk kwanza, kisha unachukua ndege ya ndani. Ongeza siku mbili za akiba kila upande, kwa sababu ukungu wa Greenland hauheshimu tiketi, na mwisho wa msafara, kule mashariki, mara nyingi unangoja helikopta.

Greenland ndiyo ghali kuliko zote, na kwa kawaida huzidi euro 10,000 kwa mtu kabla ya ndege na vifaa. Misafara miwili ya Spitsbergen ni ya euro elfu kadhaa, na bei ya hema na ya mashua hazipishani kama mtu angetarajia, kwa kuwa hema hulipia pikipiki za theluji zinazobeba mizigo na wakati mwingine watu, ilhali mashua hulipia mabaharia. Viatu, skii na mfuko wa kulalia hukodishwa Longyearbyen. Nguo za ndani za sufi na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako usivikodi kokote.

Kwa asiyewahi kulala kwenye theluji hata siku moja, jibu langu si lolote kati ya haya matatu kwa mwaka huu. Aende kwanza Lyngen, saa mbili hivi kutoka Tromsø kwa barabara na kivuko, ndani ya Schengen, bila dubu, akalale kwenye nyumba yenye sauna na kupanda na mwongozaji kwa siku tano. Huko nako theluji huua, kwa hiyo mwongozaji si anasa. Akirudi na magoti mazima na hamu ile ile, mashua inamngoja. Akirudi akisema kwamba alifurahia kupanda kuliko kushuka, basi yeye ni mtu wa Greenland na hakuwa akijua.

Huyo wa Greenland hahitaji theluji ili aanze. Anahitaji mkanda wa kiunoni, kamba ya mita tatu na tairi mbili kuukuu za gari, azivute kwenye barabara ya vumbi au mchanga wa pwani wakati wa maji kupwa, saa moja mwanzoni, saa tatu baada ya miezi miwili, mara nne kwa wiki. Watoto watamfuata wakimuuliza anapeleka wapi tairi hizo. Asiache kuvuta ili awajibu, kwa sababu kuanza upya baada ya kusimama ndiko kunakochosha zaidi.